Andika Saa Sufuria Ilipoipuliwa

Katika maduka ya Kasongo, mkoani Maniema nchini Kongo, chakula chenye tarehe ndicho chenye hatari ndogo zaidi. Kopo la sardini, pakiti ya biskuti, maziwa ya unga na nyanya ya kopo vyote vimepigwa muhuri wa mwezi na mwaka, na mnunuzi mwangalifu hugeuza kopo kutafuta tarakimu zile kabla ya kutoa faranga zake. Hatua chache kutoka hapo, mgahawani au kwenye meza ya mama anayeuza chakula kando ya soko, kuna wali, maharagi, sombe iliyoungwa mawese na karanga, samaki wa mto Lualaba katika mchuzi, na nyama iliyopikwa tangu asubuhi. Chakula hicho hakina alama yoyote. Sardini ile inaweza kukaa miaka ndani ya kopo lake bila kumdhuru mtu, lakini wali ule unaweza kumtapisha mlaji kabla jua halijatua. Tunauliza tarehe pasipo na haraka, na pale ambapo muda unahesabiwa kwa saa hatuulizi kitu. Ninachotaka kutetea hapa ni kwamba kwa mji kama Kasongo, na kwa Kabambare na Salamabila pia, alama yenye faida kubwa kuliko zote ni saa chakula kilipotoka motoni, na kwamba alama hiyo inaweza kuanza kutumika bila kungoja frigo, maabara wala amri kutoka Kinshasa.

Tuanze na pakiti, kwa sababu ndizo zilizotufundisha kusoma tarehe. Kanuni za dunia kuhusu lebo za vyakula hutungwa na Tume ya Codex Alimentarius, iliyoundwa mwaka 1963 na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, la chakula (FAO) na la afya (WHO). Kanuni yake kuu ya lebo ni ya mwaka 1985, na sehemu inayohusu tarehe ilirekebishwa mwaka 2018 ili kutenganisha wazi mambo mawili ambayo wanunuzi wengi huyachanganya. Kuna tarehe ya ubora: baada yake biskuti inaweza kulainika au unga wa maziwa kupoteza harufu yake nzuri, lakini hakuna anayedai kwamba mlaji ataugua. Na kuna tarehe ya usalama: baada yake chakula hakifai kuuzwa wala kuliwa, hata kama macho na pua havioni kosa. Kanuni hiyo hiyo inasamehe vitu kadhaa visiandikwe tarehe kabisa, kama chumvi, sukari, siki, matunda na mboga mbichi, na mikate ambayo kwa kawaida huliwa ndani ya saa 24. Msamaha huo unaonyesha kwamba waliotunga kanuni hawakutaka kupaka tarehe kila kitu, bali kuiweka pale ambapo muda hubadilisha chakula kwa namna inayomhusu mlaji.

Nchini Kongo, ukaguzi wa ubora wa bidhaa, hasa zinazoingia kutoka nje, ni kazi ya Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, iliyoanzishwa mwaka 1974. Tangu mwaka 2022 nchi pia ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye kiwango chake cha pamoja cha lebo za vyakula vilivyofungashwa. Kwa hiyo mfanyabiashara anayeleta mzigo Kasongo hana upungufu wa kanuni kwenye karatasi. Tatizo lake ni njia. Tarehe ya kiwandani ni ahadi yenye sharti: pakiti itafaa hadi siku fulani iwapo itahifadhiwa kama kiwanda kilivyoagiza. Mtindi au soseji iliyoandikiwa mwezi mmoja iliandikiwa mwezi mmoja ndani ya baridi. Ikitoka Bukavu au Kalemie juu ya lori linalokwama matopeni, au nyuma ya pikipiki, au ikisukumwa kwa baiskeli chini ya jua, sharti limevunjika kabla bidhaa haijafika, na tarakimu zilizobaki juu ya sashe haziahidi tena kitu. Mnunuzi anayeisoma tarehe ile na kuridhika anasoma habari za friji ya mbali ambayo sashe iliagana nayo siku nyingi zilizopita.

Kuna ugumu mwingine mdogo unaofaa kutajwa kwa sababu hutokea kila siku. Bidhaa za Kasongo hutoka pande nyingi za dunia, na kila upande una mpangilio wake wa tarakimu. Pakiti moja huandika siku kwanza, nyingine mwezi kwanza, na nyingi za kutoka China huanza na mwaka. Ukiona 03/04 huwezi kujua kama ni tarehe tatu ya mwezi wa nne au tarehe nne ya mwezi wa tatu mpaka ujue pakiti imetoka wapi. Pia pakiti nyingi zina tarehe mbili, ya kutengenezwa na ya mwisho, na mwenye haraka huishika ya kwanza aionayo. Muuzaji mwenye nia njema anaweza kuondoa mashaka hayo kwa kalamu nene: aandike mwezi kwa jina lake kwenye katoni siku anayoipokea, na atangulize kuuza ile inayokwisha mapema. Na akishalifungua kopo la nyanya ili auze kijiko kwa kijiko, tarehe ya juu ya kopo imekufa papo hapo. Iliyobaki ni siku ile ya kufunguliwa.

Sasa tuje kwenye chakula kilicho tayari kuliwa, kwa maana hapo ndipo kanuni za tarehe zinapokuwa jambo la uhai. Marekani, tangu mwaka 1993, mamlaka ya chakula na dawa hutoa mwongozo wa maduka na mikahawa ambao majimbo huupokea kuwa sheria. Ndani yake kuna agizo rahisi: chakula kinachoharibika upesi, kilichopikwa au kuandaliwa hapo hapo na kitakachowekwa kwenye friji zaidi ya saa 24, lazima kiandikwe siku. Kikihifadhiwa kwenye nyuzijoto 5 au chini yake, kinaruhusiwa siku 7, na siku ya kuandaliwa inahesabiwa kuwa ya kwanza. Kilichopikwa tarehe mosi mwisho wake ni tarehe 7. Ukikigandisha, saa inasimama lakini hairudi nyuma: siku zilizokwisha kutumika kabla ya kuganda zinahesabiwa kikishayeyushwa. Na ukichanganya kipya na cha zamani, mchanganyiko wote unabeba tarehe ya kile cha zamani zaidi. Kifungu hiki cha mwisho ningependa kila mpishi akishike, maana mazoea ya kumimina sufuria mpya juu ya mabaki ya jana yapo kila mahali palipo na mgahawa.

Siku 7 hizo hazikuokotwa hewani. Friji huzuia bakteria wengi, lakini haimzuii listeria, ambaye huendelea kuongezeka polepole hata kwenye baridi ya nyuzijoto 5. Watunga kanuni walipima ni muda gani unaopita kabla hajaongezeka kupita kiasi, wakaweka mpaka kabla ya hapo. Afrika imeshaona anachoweza kufanya. Kati ya mwaka 2017 na 2018, Afrika Kusini ilipata mlipuko mkubwa kuliko wowote uliowahi kurekodiwa duniani wa ugonjwa unaoletwa na listeria: wagonjwa 1,060 waliothibitishwa na vifo 216, wakiwemo watoto wachanga wengi walioambukizwa na mama zao. Tarehe 4 Machi 2018, waziri wa afya, Aaron Motsoaledi, alitangaza chanzo chake: poloni, aina ya soseji nene inayoliwa bila kupikwa tena, iliyotoka kiwanda cha Polokwane. Poloni ile ilikuwa na lebo, ilikuwa na tarehe, na haikunuka.

Mtu wa Kasongo akisoma hayo ana haki ya kusema kwamba habari za nyuzijoto 5 hazimhusu. Kitaifa, umeme unamfikia takriban mtu mmoja kati ya watano, na mbali na miji mikubwa wanaoupata ni wachache mno. Mwenye mgahawa anayewasha genereta jioni kwa ajili ya taa na vinywaji hana baridi ya saa 24. Ana sanduku linalopoa na kupashika moto kila siku, na chakula kilichomo hupita mara mbili kwenye joto ambalo bakteria wanalipenda. Kumwambia aandike siku 7 juu ya sufuria iliyo ndani ya frigo kama hiyo ni kumpa kibali cha kulisha watu sumu kwa maandishi. Hapo nakubaliana kabisa na wanaosema kanuni za Ulaya na Marekani hazihamishiki kama zilivyo.

Lakini mwongozo ule ule wa Marekani una kifungu cha pili, kisichotajwa sana, ambacho kinatufaa sisi kuliko cha kwanza. Kinasema kwamba mpishi asiye na njia ya kushika baridi wala moto anaweza kutumia muda peke yake kuwa kinga. Chakula kikitoka kwenye moto, kinaandikwa saa. Kinaweza kukaa mezani muda usiozidi saa 4 tangu kilipotoka motoni. Ukipita, kinatupwa, na kisichoandikwa saa kinatupwa vile vile, kwa kuwa hakuna ajuaye umri wake. Shirika la Afya Duniani, katika mafundisho yake ya usalama wa chakula kwa familia na wauzaji wadogo, ni kali zaidi: chakula kilichopikwa kisikae saa 2 bila baridi au bila moto, na kama kinashikiliwa motoni basi kisishuke chini ya nyuzijoto 60. Mwongozo mmoja unaweka mpaka wa mwisho na mwingine unaweka lengo, na yote miwili inasimamia jambo moja, nalo ni kwamba kipimo cha mahali pasipo na friji ni saa.

Wali unastahili kutazamwa kwa karibu, maana hili ni eneo la mpunga. Kasongo imelima mpunga tangu karne ya 19, wakati misafara ya pwani ilipofanya makao hapa, na hadi leo sherehe isiyo na wali haijakamilika. Ndani ya mchele mkavu hukaa bakteria wa udongo aitwaye Bacillus cereus, akiwa amejifungia katika hali ya mbegu ngumu. Maji yanayochemka hayaiui mbegu hiyo. Sufuria inapoipuliwa, wali ukaanza kupoa, na joto likashuka hadi lile la mchana wa kawaida wa Maniema, mbegu huamka na bakteria wakaanza kuzaana, kwa kuwa wamepata maji, wanga na joto, na wapinzani wao wote wamekwisha kufa kwenye moto. Wakishakuwa wengi hutoa sumu inayotapisha. Mlaji huanza kuugua ndani ya saa 1 hadi 6, tumbo likigeuka juu chini, na mara nyingi humlaumu mtu au mafuta.

Jibu la kwanza la kila mpishi ni kwamba atauchemsha tena. Ni jibu la kawaida na kwa magonjwa mengi ni jibu zuri, lakini kwa sumu hii halifai kitu. Moto wa pili huwaua bakteria na kuiacha sumu yao ilivyo. Wataalamu wameipika kwa nyuzijoto 121, joto ambalo sufuria ya kawaida haifiki, kwa dakika 90, nayo ikabaki na nguvu yake. Waingereza waliligundua jambo hili kuanzia mwaka 1971, walaji wa wali wa kukaanga katika mikahawa ya Kichina walipoanza kutapika kwa makundi. Wapishi walikuwa wakichemsha wali mwingi, wakauacha jikoni usiku kucha kwa sababu wali uliolala kwenye friji hugandamana, kisha wakaukaanga upesi siku ya pili. Brussels, mwaka 2008, mwanafunzi wa miaka 20 alikula tambi zilizokuwa zimekaa jikoni siku tano bila friji, akazipasha moto, na asubuhi hakuamka. Vifo vya namna hiyo ni nadra sana. Naitaja habari yake kwa sababu inavunja imani ambayo familia nyingi zinaitegemea, kwamba moto husafisha kila kosa.

Wali hauko peke yake. Nyama iliyopikwa katika sufuria kubwa hupoa polepole katikati, na bakteria mwingine mwenye mbegu ngumu, Clostridium perfringens, akikuta joto la nyuzi 43 hadi 45 anaweza kuongezeka mara mbili katika dakika kumi tu. Mikono ya anayepakua, ikiwa na kidonda kidogo, hupeleka bakteria ambao sumu yao nayo haiondolewi na moto. Halafu kuna kipindupindu, ugonjwa ambao watu wa ng'ambo ya Kabambare, kuelekea Ziwa Tanganyika, wanaujua vizuri mno. Tumezoea kuuhesabu kuwa ugonjwa wa maji, na kweli ni wa maji, lakini bakteria wake huzaliana pia ndani ya chakula kilichopoa. Utafiti uliofanywa nchini Guinea baada ya mlipuko wa mwaka 1986 ulikuta kwamba mchuzi wa karanga uliobaki ulihusiana na kuugua, huku mchuzi wa nyanya ukionekana kukinga, kwa sababu ukali wa nyanya humnyima bakteria nafasi. Kwa anayepika sombe ya karanga hilo ni jambo la kufikiria sana. Simwambii aache karanga. Namwambia kwamba sombe yake ina muda mfupi kuliko mchuzi wa nyanya ulio kando yake, na kwa hiyo ndiyo inayohitaji kuandikwa saa kwanza.

Wengi watajibu kwamba wazee walikula bila lebo na waliishi. Jibu hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu ndani yake kuna maarifa. Wazee hawakuwa na lebo lakini walikuwa na moshi, chumvi, jua na uchachu. Samaki waliokaushwa juu ya moshi wa kuni, muhogo uliolowekwa ukachacha, chikwange iliyofungwa majanini ikakaa siku kadhaa safarini: yote hayo ni mbinu za kuzuia bakteria, na zinafanya kazi hadi leo. Tena chakula cha nyumbani kilipikwa kidogo, kikaliwa mara moja, na sufuria ikaoshwa. Kilichobadilika ni biashara. Mgahawa hupika sufuria moja asubuhi kwa ajili ya wateja watakaokuja hadi jioni, na mteja hajui iliipuliwa lini. Mama wa nyumbani anaijua saa ya wali wake bila kuiandika, lakini dereva wa lori anayeingia Kasongo saa kumi jioni haijui. Wala pua yake haitamsaidia: bakteria wanaoozesha chakula na kukitia harufu mara nyingi si wale wanaowaletea watu ugonjwa, na sumu ya wali haina harufu wala ladha.

Pingamizi la umaskini ni zito kuliko hilo. Kumwambia mama aliyekopa pesa ya mchele amwage sufuria kwa sababu saa zimepita kunaonekana ukatili, na katika mji wenye Waislamu wengi kama huu, kutupa chakula ni israfu inayomsuta mtu moyoni. Sidharau hofu hiyo. Huko Ulaya tarehe zilizowekwa ovyo zimefanya uharibifu mkubwa: Tume ya Umoja wa Ulaya ilikadiria mwaka 2018 kwamba hadi asilimia 10 ya tani milioni 88 za chakula zilizokuwa zikitupwa kila mwaka zilihusiana na tarehe za lebo, mara nyingi kwa sababu watu walitupa chakula kizuri wakidhani tarehe ya ubora ni tarehe ya sumu. Hivyo lebo mbaya hutupisha chakula. Saa ya kuipua, hata hivyo, hufanya kazi kwa namna nyingine. Mpishi anayejua kwamba sufuria yake ina saa 4 huanza kupika kidogo kidogo: sufuria moja kabla ya adhuhuri, nyingine alasiri. Anapoona saa ya tatu inaisha na wali umebaki, anashusha bei, au anawapa wanaouhitaji wakati bado ni salama, badala ya kuungoja ulale. Hasara inapatikana anapopika bila kuhesabu. Na upande wa pili wa mizani kuna gharama ambazo haziandikwi popote: dawa za kuharisha, siku za kazi zilizopotea, mtoto aliyedhoofika. WHO mwaka 2015 ilikadiria kwamba watu milioni 600 duniani huugua kila mwaka kwa ajili ya chakula na 420,000 hufa, 125,000 kati yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano, na kwamba Afrika ndiyo inayobeba mzigo mkubwa kuliko mabara mengine kwa kulinganisha na idadi ya watu wake.

Kuna pingamizi moja ambalo wauzaji hulisema wakiwa peke yao, na nadhani ndilo linalowazuia zaidi. Wanaogopa kwamba kanuni yoyote mpya ni mlango mpya wa kutozwa pesa. Leo lebo, kesho mtu mwenye kitambulisho anakuja kukagua lebo, keshokutwa kuna faini isiyo na risiti. Hofu hiyo ina msingi katika nchi ambayo mfanyabiashara mdogo hukutana na watoza wengi, na kanuni inayoipuuza itakufa siku ya kwanza. Kwa sababu hiyo sipendekezi cheti, wala kitabu cha kutiwa sahihi, wala stika ya kununuliwa. Napendekeza ubao na chaki, mahali ambapo mteja anaona. Mkaguzi wa chakula cha mchana ni anayekila, na yeye haombi faini. Akiona saa imepita, huenda kwa jirani. Ofisi ya usafi na zoni ya afya ziwe na kazi ya kufundisha na kujibu maswali. Zikija na faini kabla ya mazoea hayajaota mizizi, wauzaji wataandika uongo ubaoni, na ubao wa uongo ni mbaya kuliko kutokuwa na ubao.

Kwamba watu wengi hawasomi si kizuizi kikubwa kama inavyodhaniwa. Asiyesoma barua anasoma tarakimu za noti na za simu. Jambo la kukubaliana ni namna ya kuandika saa, maana hapa mtu akisema saa nne anakusudia wakati ambao simu inaonyesha 10:00, na ubaoni 4 na 10 zinaweza kumchanganya mgeni. Iandikwe kama simu inavyoonyesha, basi: WALI 10:30, SOMBE 11:00. Wenye frigo inayokaa baridi kweli, kama vile hospitali au nyumba zenye sola ya kutosha, waongeze siku juu ya kila chombo, na wanaweza kutumia vipande vya kitambaa vya rangi, kila siku ya juma na rangi yake, kama ilivyo katika majiko mengi makubwa duniani. Sheria za jikoni zinazofuatana na ubao ni chache. Sufuria mpya isimiminwe juu ya mabaki. Anayetaka kuuza zaidi ya muda huo ashikilie chakula motoni kweli kweli, makaa yakiwa chini na mfuniko juu, mvuke ukionekana mfuniko unapofunguliwa, maana vuguvugu ndilo joto lenyewe la hatari. Wali unaobaki utandazwe kwenye sinia pana upoe upesi ikiwa kuna baridi ya kuupeleka. Kama hakuna, usiuzwe kesho.

Mji huu una rekodi nzuri ya kuandika vitu vidogo vinavyookoa watu. Mradi wa Kasongo, ulioendeshwa tangu miaka ya 1970 pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, ulisambaza vituo vidogo vya afya vyenye kumbukumbu za familia, na mwaka 1981 timu yake ilichapisha katika jarida The Lancet utafiti juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo ambao bado unajadiliwa na wataalamu. Utafiti ule uliwezekana kwa sababu kuna watu waliojaza fomu kwa uaminifu, mtoto kwa mtoto, katika vijiji visivyo na umeme. Mfano wa vituo vile ulisaidia pia kuunda zoni za afya ambazo nchi nzima inazitumia leo. Wajumbe wa afya wa jamii, ambao tayari hupita nyumba kwa nyumba kuhusu chanjo na vyandarua, wanaweza kupita kwenye mikahawa na somo la ubao kwa asubuhi moja. Na muuguzi wa kituo akipokea watu watatu wanaotapika siku moja, aulize walikula wapi na chakula kiliipuliwa saa ngapi. Bila ubao, swali la pili halina jibu.

Pa kuanzia pazuri zaidi pengine si sokoni bali kwenye matanga na harusi. Huko sufuria ni kubwa kuliko zote, wapishi ni wa kujitolea, nyama hupikwa usiku na kuliwa adhuhuri, na wageni huja kwa mafungu mpaka jioni. Kila shughuli ina mtu wa kushika michango na mtu wa kupokea wageni. Achaguliwe na mmoja wa kushika saa za sufuria, mama mtu mzima ambaye vijana wa jikoni hawatamjibu, akiwa na simu na kipande cha makaa cha kuandikia ukutani au juu ya kadibodi. Sufuria ikiipuliwa, anaandika. Ikifika saa ya tatu, anaamuru irudi motoni ichemke sana, au igawiwe yote. Wali wa usiku hauungwi na wa mchana, hata kama umebaki mwingi na mchele ulinunuliwa ghali. Unatolewa asubuhi mapema kwa kuku, na mwaka unaofuata mwenye shughuli atajua apike mara mbili.